NJIA YA KAZINI NAYO HUKATWA KATIKA MSHAHARA

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama katika darasa la elimu ya chama, Nairobi. Tumeyapiga chapa humu kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo, na kwa matawi yote.)



 Twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na ya kuwa wengine mtaondoka kabla hatujamaliza, kwani giza likiingia nauli hupanda, na mvua ikinyesha hupanda tena. Hatutawalaumu. Jambo hilo lenyewe ndilo tulilokuja kulizungumza.

Tumeombwa tuseme juu ya mji wetu unavyotawanyika, nyumba zikizidi kwenda mbali na kazi, na juu ya mtaa uliopangwa vizuri, ambao mtu huweza kufika shuleni, sokoni, zahanati na steji kwa miguu yake mwenyewe. Huenda mmoja akauliza: Jambo hili lahusu nini chama cha wafanya kazi? Kazi ya chama si mshahara, saa za kazi, na kumtetea mtu aliyefukuzwa bila haki? Ndiyo, ndugu, ndiyo kazi yetu. Na ndiyo sababu tumelileta hapa, maana mahali nyumba ilipo ni jambo la mshahara na ni jambo la saa za kazi.

HESABU YA SIKU KUMI NA TATU

Na tufanye hesabu pamoja. Tuseme mwanachama anakaa Kitengela na kazi yake iko Industrial Area. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awe kwenye lango la kiwanda saa moja. Jioni hali ni ile ile. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, ndizo saa nne kwa siku. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, ni saa 104. Gawanya kwa saa nane za kazi, utapata siku 13. Basi mtu huyu kila mwezi anatoa siku kumi na tatu za kazi ambazo hakuna anayemlipa. Hazimo katika karatasi ya mshahara, wala hakuna anayeziita ovataimu.

Sasa tazameni fedha. Tuseme analipa shilingi 100 asubuhi na 100 jioni. Kwa mwezi ni shilingi 5,200. Chama kikikaa mezani na mwajiri miezi sita, kikabishana, kikatishia mgomo, kikapata nyongeza ya shilingi 1,500 kwa mwezi, twapiga makofi. Lakini nauli ikipanda shilingi 30 tu kila upande, ni shilingi 60 kwa siku, yaani 1,560 kwa mwezi. Nyongeza yote imekwisha, na shilingi 60 juu yake. Tajiri ametoa, na njia imechukua.

Ndiyo maana twasema ya kuwa urefu wa njia hukatwa katika mshahara. Tofauti ni kwamba makato mengine yameandikwa, na hili halikuandikwa.

MJI ULIVYOTAWANYIKA

Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilionyesha ya kuwa Nairobi ilikuwa na watu 509,000 hivi. Mwaka 2009 walikuwa milioni 3.1, na mwaka 2019 walikuwa milioni 4.4. Kukua kwa mji si ajabu, kwani watu hufuata kazi. Lakini tazameni majirani. Kati ya mwaka 2009 na 2019 watu wa Nairobi waliongezeka kwa 40 hivi katika kila mia. Wale wa Kiambu waliongezeka kwa 49 hivi katika kila mia. Wa Kajiado waliongezeka kwa 63 hivi katika kila mia, kutoka 687,000 hata kupita milioni moja. Ruiru peke yake iliongezeka zaidi ya mara mbili, ikafika karibu watu 490,000.

Mambo haya huendaje? Shamba la kahawa au malisho ya ng'ombe hununuliwa kwa ekari. Mpimaji huja na bikoni zake, hulikata ploti za futi hamsini kwa mia. Huachwa vijia vya kupita magari, na pengine huachwa ploti moja ya "shule" ambayo baadaye huonekana ina mwenyewe. Kisha matangazo: "Dakika chache tu kutoka barabara kuu." Dakika hizo zimehesabiwa kwa gari, tena siku ya Jumapili asubuhi. Mnunuzi hujenga, huchimba kisima chake au hununua maji ya boza, hulipa mlinzi, kisha huamka saa kumi ya usiku kufuata kazi iliyobaki pale pale ilipokuwa.

Hatuwalaumu walionunua. Mtu aliyehangaishwa na mwenye nyumba miaka ishirini ana haki ya kutamani mlango wake mwenyewe. Lakini yafaa tujue ni nani aliyepata faida. Aliyeuza ekari kwa bei ya shamba alipata kidogo. Aliyeikata na kuiuza kwa futi alipata sana. Gharama ya barabara, maji, shule na saa nne za kila siku akaachiwa mfanya kazi na serikali ya kaunti.

Tena kutawanyika kuna bei ambayo hulipwa na kila mtu. Chukueni barabara ya mita 100. Ukipanga ploti za futi hamsini kando mbili zake, utapata nyumba 12 au 13 tu. Ukipanga nyumba za kushikana, kila moja upana wa mita sita na ghorofa tatu kwenda juu, jamaa moja kila ghorofa, utapata karibu jamaa 96. Bomba la maji ni lile lile, mtaro ni ule ule, nguzo za taa ni zile zile. Katika mtaa wa kwanza jamaa 13 wanabeba gharama hiyo, katika wa pili ni 96. Basi si ajabu mtaa wa kwanza kukaa bila lami na bila taa miaka nenda miaka rudi. Na basi nayo haiwezi kupita mara nyingi mahali ambapo watu ni wachache kila steji, kwa hiyo mtu hupanda bodaboda hata kufika steji, na hiyo ni nauli ya pili.

WALIOFIKIRIA JAMBO HILI ZAMANI

Shida hii haikuanza kwetu. Mwaka 1898 Mwingereza mmoja aitwaye Ebenezer Howard alitoa kitabu juu ya miji ya bustani. Aliona London imejaa moshi na vyumba vya kubanana, na mashambani hakuna kazi. Akasema: na tujenge miji midogo ya watu 32,000 hivi, viwanda na nyumba zikae mji mmoja, mashamba yazunguke. Jambo ambalo wengi husahau ni hili: alitaka ardhi ya mji iwe ya watu wote kwa pamoja, ili bei yake ikipanda, faida irudi kwa wakaaji na si kwa mlanguzi wa ploti. Mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ulianzwa mwaka 1903.

Kisha mwaka 1929, huko New York, Clarence Perry alieleza mpango wa mtaa mmoja mmoja. Magari yalikuwa yameongezeka, na watoto walikuwa wakiuawa wakivuka barabara kwenda shule. Akasema: weka shule katikati ya mtaa, na nyumba zote ziwe karibu, kiasi cha robo maili, yaani mita 400 hivi, ambazo mtu hutembea kwa dakika tano. Barabara kubwa zipite pembeni, zisikate mtaa katikati. Maduka yawe kwenye pembe za mtaa. Na sehemu ya kumi ya ardhi iachwe wazi kwa michezo na mapumziko.

Mpango huo ulifika Nairobi. Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa mji, ulioandikwa na wataalamu waliotoka Afrika Kusini, na ndani yake mlikuwamo shauri hilo la kugawa mji kwa mitaa yenye shule na maduka yake. Lakini waliliweka juu ya mji uliokuwa umekwisha gawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikuwa na ploti kubwa kubwa upande wa Muthaiga na Karen, na Mwafrika alipangiwa Eastlands, karibu na reli na viwanda.

Tuseme kweli: mkoloni alituweka karibu na kazi si kwa kutupenda. Alitaka honi ya kiwanda ikilia mtu awe amefika. Katika landhi na vyumba vya wakati ule mtu alipewa nafasi ya kitanda, kana kwamba hana mke wala mtoto. Ilichukua mpaka mwaka 1954, Kamati ya Carpenter ilipotazama mishahara ya Waafrika, ndipo serikali ilipoambiwa wazi ya kuwa mshahara wapasa kutosha mtu na jamaa yake. Kwa hiyo hatusemi turudi huko. Karibu peke yake haitoshi. Twataka karibu yenye heshima.

KALOLENI NA UKUMBI WAKE

Lakini katika Eastlands kulijengwa mtaa mmoja unaofaa kutufundisha. Ni Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa mfano wa miji ya bustani. Nyumba ni za mawe na paa za vigae, hazina ghorofa, zimepangwa kuzunguka viwanja vya majani ambapo mama aweza kumwona mtoto akicheza. Na katikati ya mtaa kuna ukumbi.

Yafaa kila mwanachama ajue habari za ukumbi huo. Tarehe 23 Aprili 1950 palifanywa mkutano mkubwa katika ukumbi wa Kaloleni, na Makhan Singh, katibu mkuu wa East African Trades Union Congress, akasimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki. Tarehe 15 Mei mwaka huo huo yeye na Fred Kubai, aliyekuwa rais wa umoja huo wa vyama, walikamatwa. Kesho yake wafanya kazi wa Nairobi wakaanza mgomo mkuu, wakitaka wenzao waachiliwe, na mshahara wa chini uwe shilingi 100. Mgomo ulidumu zaidi ya wiki nzima.

Sasa fikirini, ndugu. Wakati ule hapakuwa na simu mkononi. Lakini Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni ni mitaa iliyokaribiana, na neno liliweza kutoka mlango hata mlango kwa miguu. Mtu alitoka kazini, akaoga, akala, akaenda mkutanoni, akarudi akalala. Serikali ilijenga ukumbi kwa ajili ya ngoma na chai. Wafanya kazi wakaufanya bunge lao.

Leo mwanachama wa Rongai, mwingine wa Juja, mwingine wa Mlolongo, wanafanya kazi mashine moja. Kengele ikilia, kila mtu anakimbilia steji yake. Tukiita mkutano saa kumi na mbili jioni twapata watu wa karibu tu. Twalalamika ya kuwa siku hizi wanachama hawana moyo. Moyo wanao, lakini hawana saa. Mji uliotawanyika humtawanya mfanya kazi, na mfanya kazi aliyetawanyika ni rahisi kuonewa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

NAMBA KUMI NA MOJA

Kuna ndugu zetu wengine ambao hawalipi nauli, kwa sababu hawanayo. Hao huenda kwa namba kumi na moja, yaani miguu yao miwili. Si wachache. Katika Nairobi, kiasi cha safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu. Nenda Lusaka Road au Jogoo Road alfajiri uone. Ni jeshi zima. Hao ndio wanaofungua viwanda, wanaosafisha maofisi, wanaojenga maghorofa.

Na mji umewajengea nini? Mwaka 2012 barabara ya Thika ilikamilishwa, kilomita 50 hivi, na sehemu nyingine ina njia nane na zaidi. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, kutoka Mlolongo hata Westlands. Mwenye gari akilipa, hupita juu. Mwenye miguu haruhusiwi. Hatusemi barabara ni mbaya, kwani mizigo ya viwanda yetu hupita humo. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye gari hamjui anayevuka.

Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka katika miaka hii ya karibuni, na zaidi ya theluthi moja yao ni watu waliokuwa wakienda kwa miguu. Watu husema: Mbona hawatumii daraja la juu? Basi tuwajibu. Mtu mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi, aliyesimama saa kumi kwenye mashine, unamwambia apande ngazi, avuke, ashuke, arudi nyuma nusu kilomita, ili gari lisipunguze mwendo. Na usiku daraja lina giza, na mwanamke aliyetoka zamu ya usiku anaogopa. Mahali penye watu wengi yafaa gari lipunguzwe mwendo kwa matuta na taa, mtu avuke chini, kwa sababu magari hayo yamekuta watu wakipita.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi iliandika siasa yake juu ya wanaokwenda kwa miguu na baiskeli, ikaahidi ya kuwa 20 katika kila mia ya fedha za usafiri zitakwenda kwao. Mwaka 2019 Luthuli Avenue ilipangwa upya, magari yakapunguzwa na njia ya miguu ikapanuliwa. Basi tunajua ya kuwa jambo hili lawezekana. Lililobaki ni kuuliza kila mwaka, bajeti inaposomwa: Ile 20 iko wapi?

KARIBU SI KUBANANA

Hapa lazima tujibu neno moja ambalo ni haki kuulizwa. Mtu atasema: "Mnataka tukae karibu na kazi. Tazameni Pipeline kule Embakasi. Maghorofa yamebanana hata jua haliingii, chini ni matope, mtoto hana pa kuchezea. Je, huo ndio mtaa wenu?"

Hapana, siyo huo. Pale mwenye ploti amejenga hata mpaka wa mwisho, kwa sababu kila futi iliyoachwa wazi haina kodi. Mtaa mzuri wa miguu si wingi wa watu peke yake, wala si uchache wao. Ni mambo matano pamoja. Kwanza, watu wawe wa kutosha ili duka, shule na basi viweze kukaa karibu. Pili, ardhi ya shule, zahanati, soko na kiwanja ipimwe kabla ya ploti ya kwanza kuuzwa. Tatu, njia ziwe nyingi na fupi, zenye kuungana, bila kuta ndefu za kumzungusha mtu. Nne, kando ya kila njia pawe na pa kutembea, pamoja na miti na taa. Tano, kodi ya nyumba iwe ya kiasi ambacho mfanya kazi wa chini aweza kulipa.

Kuhusu kuta, tuongeze neno. Siku hizi mitaa mingi hujengwa na lango moja na ukuta wa umeme. Aliye ndani hujiona salama. Lakini shule iliyo mita 300 kwa njia ya ndege huwa kilomita mbili kwa mtoto anayezunguka ukuta, tena ukingoni mwa barabara isiyo na pa kukanyaga. Na njia yenye ukuta pande zote mbili haina macho ya watu. Njia yenye milango, vibanda na mabaraza ina walinzi mia wasiolipwa.

Wala tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya kizungu. Waswahili wa pwani walijenga mitaa yao kwa miguu tangu karne nyingi. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika Lamu, njia ni nyembamba zenye kivuli, msikiti hauko mbali na mlango, baraza liko mbele ya nyumba, duka liko pembeni. Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na hata leo mzigo katika vichochoro vyake hubebwa na punda. Nyumba zimekaribiana, na ndani mna kiwambo na faragha. Wajenzi wale walijua upana unaomtosha mtu na mnyama wake.

Na hapa Nairobi, watu wa Mukuru walitupa mfano wa namna nyingine. Wengi wao hukaa kando ya Industrial Area kwa sababu moja: waende kazini kwa miguu. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, na wakaaji wenyewe, jamaa zaidi ya 100,000, wakashirikishwa kupanga barabara, maji na shule. Hawakuomba kuhamishiwa kilomita arobaini penye hewa nzuri. Walisema: tengenezeni hapa hapa, kwa maana kazi iko hapa.

CHAMA KIFANYE NINI

Ndugu, maneno bila kazi ni upepo. Twaleta mashauri manne, na tungependa kila tawi liyajadili.

La kwanza ni la mezani na mwajiri. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema ya kuwa mwajiri atampa mfanya kazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu napo, la sivyo atamlipa fedha za kutosha za pango juu ya mshahara wake. Lisikieni vizuri neno hilo "karibu". Limo katika sheria. Basi tunapodai posho ya nyumba, tusikubali ipimwe kwa pango la kule mbali ambako mtu amesukumwa. Ipimwe kwa pango la chumba cha heshima ambacho mtu aweza kutoka akafika kiwandani kwa mwendo wa nusu saa. Mwajiri akisema hizo ni fedha nyingi, na alete basi la kampuni, na saa za njiani zihesabiwe. Tena tuangalie sana mikataba yenye kuunganisha pango na mshahara kuwa kitu kimoja, kwa maana sheria hiyo huruhusu hivyo, na mara nyingi pango hupotelea humo. Na zamu ya usiku isitiwe sahihi bila gari la kuwafikisha watu makwao, hasa akina mama wa viwanda vya nguo.

La pili ni la fedha zetu wenyewe. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mwenye mshahara hukatwa moja na nusu katika kila mia, na mwajiri huongeza kiasi kile kile. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hutoa 450, na mwajiri wake hutoa 450. Wengine hupenda makato hayo, wengine huyachukia, na ubishi huo leo tuuache. Lakini fedha zikisha kutoka mfukoni mwetu, tuna haki ya kuuliza: Nyumba zinajengwa wapi? Ni hatua ngapi hata kituo cha basi au cha treni? Shule iko wapi? Ziko za kupanga kwa kodi ndogo, au ni za kuuziwa mwenye fedha tu? Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali na kazi si ya bei nafuu. Imepunguza kodi ikaongeza nauli.

La tatu ni la baraza la kaunti. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya nyumba ifaayo. Tena wananchi huitwa kutoa maoni juu ya bajeti na mipango ya ardhi. Mikutano hiyo mara nyingi hufanywa siku ya kazi saa nne asubuhi, na wanaofika ni wenye ploti na wenye magari. Chama na kitume watu wake, kwa ruhusa iliyoandikwa katika mapatano na mwajiri, nao wadai njia za miguu, taa, vivuko, na ardhi ya umma isiyonyakuliwa.

La nne ni la kila mmoja wetu. Hatuwezi kudai tusichokipima. Ofisi ya chama imetengeneza karatasi moja, na kila mwakilishi wa wafanya kazi amepewa. Kwa wiki moja kila mwanachama aandike: saa aliyotoka nyumbani na saa aliyofika, fedha alizolipa, nauli ya kwanza na ya pili, kama alikwenda kwa miguu, ni mwendo wa dakika ngapi, ni mahali gani alipoona hatari ya kuvuka, au giza. Hahitaji kuandika jina lake. Karatasi zikirudi tutajumlisha kiwanda kwa kiwanda. Siku tutakapokaa mezani, mwajiri ataleta hesabu ya faida na hasara. Sisi tutaleta hesabu ya saa.

Mwenye kuona ya kuwa jambo hili ni dogo, na akumbuke ya kuwa siku ya kazi ya saa nane nayo haikuletwa na mtu. Wafanya kazi wa nchi nyingi waliipigania miaka mingi, wengine wakafungwa, wengine wakafa. Walitaka saa nane za kazi, saa nane za kulala, na saa nane ziwe zao wenyewe na jamaa zao. Mji uliotawanyika unazila zile saa nane za mwisho, moja moja, bila kelele na bila kuvunja sheria hata moja. Tusipozidai, hakuna atakayezirudisha.

Karatasi zirudi ofisini kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenye swali na asimame sasa, na aanze yule anayekaa mbali zaidi, apate kuondoka mapema.

Umoja ni nguvu.